Nati ya Kukazwa kwa Mkono

...na tone jingine likamdondokea pale pale katikati ya paji la uso, tap, maana mama mwenye nyumba amefungulia maji kidogo juu ili fundi aone panapovuja, na tangu aingize kichwa chini ya sinki hili yameshamdondokea matone elfu sita, hayapungui, yeye fundi bomba aliyeziba mabomba ya nusu ya mji huu akiwa amefumba macho, sasa amelala chali kwenye sakafu ya jiko la watu, tochi mdomoni, anaiangalia nati ya plastiki nyeupe na nati inamwangalia yeye, ina ufa, na pembeni ya ufa kuna alama za meno, na meno hayo anayajua, ni ya spana yake, ile spana kubwa ambayo mafundi kumi walishindwa kuinyanyua kwa mkono mmoja, basi wawili, sawa, mmoja, tena alikuwa anaumwa... "Umeona, fundi?" mama huyo, na kutoka chini anaona ndala zake tu, za bluu, kidole gumba kinagonga sakafu, "ni mafuta ya moto tena, eh? Huyu mkwe wangu hasikii," naye akajibu mm, mtu mwenye tochi mdomoni atajibu nini zaidi ya mm, na mm si uongo, mm ni mm tu, hata mbinguni hawawezi kuiandika... lakini ile ya Ijumaa haikuwa mm. Alhamisi alikuja kufunga bomba hili jipya, na nati ya plastiki inakazwa kwa mkono, mkono mtupu, ikikataa unaiacha, hata aliyeanza ufundi jana anajua, fundi aliyemfundisha yeye kazi alimzaba kofi kwa jambo hilo hilo, sikio likalia wiki nzima, basi, likalia mpaka jioni, lakini siku hiyo mama alikuwa amesimama na jirani yake wanaangalia, na mtu mwenye mabega kama haya ayafiche wapi, akachomoa spana, akasema mama zangu, nikikaza mimi hata tembo akivuta haichomoki, akakaza, na kitu kikalia tik, kidogo, kama kijiti cha kiberiti kinavyovunjika, alikisikia, alikisikia vizuri sana, akapiga mluzi juu yake. Ijumaa simu, fundi, maji yanavuja, akapita mbio mbio, kichwa hata hakuingiza, akanusa hewa kama daktari bingwa, akasema humu kuna mtu anamwaga mafuta ya moto, plastiki haiyataki, akazungusha utepe mweupe, akaondoka zake, na Jumapili, ee Bwana, Jumapili hiyo hiyo akasimama kanisani na suti yake ya kijivu kutoa ushuhuda, wapendwa, tangu Bwana anitakase, mwaka wa nane huu, ulimi huu haujatoa uongo hata wa ukubwa wa punje ya mchele, kanisa likaitika amina mpaka madirisha yakatikisika, kweli lilitikisika moja, lile bovu, na mke wake kwenye benchi la akina mama akakohoa. Kikohozi hicho anakijua, ana miaka ishirini nacho. Mchana anampakulia chakula anamwambia, "Baba watoto, wewe Mungu amekutakasa, sikatai, ila ulimi wako bado uko kwenye foleni," wakacheka wote wawili, yeye akacheka zaidi ili isionekane imemwingia... tap... "Maana nimeshamwambia mwanangu," ndala zinasema huko juu, "mkewe akijifungua aende kwao kwanza, mama yake amfundishe jiko ni kitu gani, mimi sinki langu la pili hilo! Na nimesema kwa neno lako wewe, fundi, mtu mwenye ushuhuda ule, nimelichukua kama lilivyo," na yeye sasa hata mm haikutoka, maana asubuhi hii anaingia getini amemkuta huyo mkwe uani, juani, tumbo la miezi minane limemzuia kuinama, amekaa kwenye kigoda, miguu huku na huku ya beseni, anaosha vyombo, "Shikamoo fundi," "Marahaba binti yangu, mbona huku nje?" "Nimekatazwa sinki," akasema, wala hakununa, akacheka kidogo, "eti nimeliua." Siku nne. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, na leo anaianza ya tano, na hesabu hiyo hajaiongeza chumvi hata kidogo, ndiyo inayouma... na nati mpya ipo kwenye mkoba, hapo kwenye goti, dakika mbili tu, hii mbovu inaingia mfukoni, anatoka anajipangusa, mama nimetibu, mwambie binti aangalie mafuta, nani atajua, mende mmoja huyu hapa na hana pa kwenda kusema, ila huyo mama akijua atalibeba jambo hili mpaka kanisani, benchi la tatu, kwaya, wazee, na fundi wa mtaa wa pili atacheka mpaka jino ling'oke... uani sufuria ikagonga sufuria, ndiye huyo anaosha, anaosha vile vile vyombo alivyoviosha jana, na mchungaji, yule kijana mpole asiyepaza sauti, si alisema hivyo Jumapili, baada ya ushuhuda, wakati yeye fundi anahesabu waliofuta machozi, wamefika hamsini, wanne, alisema kutakaswa ni kama chombo kilichowekwa kando kwa ajili ya mwenye nyumba, kimeshakuwa chake, hilo limekwisha, lakini kila siku kinatumika na kila siku kinaoshwa, na yeye miaka minane yote anadhani alioshwa siku moja, kwa kishindo, baada ya kufunga siku arobaini, tatu, na ya tatu alikunywa chai, anautafuta utakaso huko juu kwenye moto na radi, kumbe umemsubiri chini ya sinki, ukubwa wake kama nati, na wala haumkazi kwa spana, unamkaza kwa mkono, taratibu, na yeye ndiye anayekataa... akajaribu moyoni, mama, plastiki za siku hizi, hapana, mama, nadhani spana iliteleza, haikuteleza, spana yake haitelezi, akalitupa hilo, akalitupa na linalofuata, na kila akitupa moja kifua kinapata nafasi, kama bomba linapokohoa uchafu wa mwisho maji yakapita, na ajabu ni kwamba hakuogopa tena, alitaka kucheka, akatoa tochi mdomoni. "Mama." "Naam fundi." "Mwite mkwe wako, na yeye asikie." "Amevunja nini tena?" "Hajavunja kitu. Kuna ufa mmoja hapa," akasikia ulimi wake unatafuta neno kubwa zaidi, kama kawaida yake, akauacha utafute ukarudi mikono mitupu, "urefu wake kama ukucha. Niliuweka mimi, Alhamisi, kwa spana, nikijionyesha. Mafuta hayamo. Ijumaa nilikudanganya." Kidole gumba kikaacha kugonga. Uani sufuria zikanyamaza. Maji yalikuwa bado yanapita juu, sakafu bado ya baridi mgongoni, nati bado na ufa wake, na tone likamdondokea kwenye paji la uso, tap, moja, akalihesabu moja.