Pampasi za Zuena

Baba yangu, Mzee Haruni, akishakataa jambo, hata umletee sheikh habadiliki. Alikataa kumpa mke wangu Zuena kipande cha shamba bondeni hapa Ikwiriri, na sababu ni neno moja: pampasi.

Zuena anatengeneza chenga zinazonyonya maji. Unazifukia penye mche wa nyanya, zinavimba, na jua likikaza zinautolea mche maji kidogo kidogo. Alianza na unga wa kununua, uleule unaotiwa kwenye pampasi za watoto, usiooza. Siku hizi anaoka wanga wa muhogo na ndimu tu kwenye jiko la mkaa, na zikimaliza kazi zinaoza zenyewe. Lakini siku ya kumweleza Baba alilitaja lile neno, basi akaharibu.

"Ndugu zetu wa Salale, kule deltani, wanavua kamba, wavu unaibuka na pampasi," Baba alisema. "Leo nizipande mwenyewe? Sumu hiyo udongo wangu hauli."

Zuena aliumia sana. Bila kile kipande hakuwa na pa kuwaonyesha wakulima kazi yake. Hata hivyo akaoka chenga mpya, akaziacha jikoni kwenye kopo.

Ilikuwa Ramadhani, na mama yangu, Bi Kijakazi, hajui kuona kopo akaliacha. Akafunua, akasema hii sagu. Akaipika kwa tui, sukari na iliki. Ikavimba, akahamishia sufuria kubwa. Ikavimba tena, akasifu baraka za mwezi.

Tulipofuturu Baba alikula, akaongezwa, akalamba bakuli. Ndipo Zuena alipotoka jikoni na kopo tupu mkononi, uso umemshuka.

"Mama, hizo mlizokula ndizo pampasi zangu."

Mama akaanza kuomba dua. Mimi, niseme kweli, nilicheka mpaka nikapaliwa na tende.

Baba hakwenda tarawehe. Alijilaza na shibe yake akisubiri kufa, asife. Kesho yake jioni akamwita Zuena.

"Leo nimeshinda bila kiu. Nenda kapime kipande chako."

Nilimkanyaga Zuena mguu anyamaze, wapi.

"Baba, hiyo si dalili. Tumbo si udongo."

"Najua, mwanangu," Baba akasema. "Lakini kitu nilichokula mwenyewe mpaka nikalamba bakuli, udongo nitaunyimaje?"