Kundi Lililotua Kwenye Mabwawa ya Chumvi

Mwanga ulitambaa juu ya mabwawa ya chumvi, mwanga mweupe, mwanga usio na huruma, ukawamulika vitwitwi waliolala chali matopeni, vijiguu vyao vyembamba vikiangalia juu.

Mvuna chumvi alisimama na reki mkononi, asijue aanzie wapi. Kila mwaka ndege hawa humjia kutoka nchi za baridi, wadogo kuliko ngumi yake, na kila mwaka wifi yake, anayevuna naye, humtania kwamba wageni wake wamefika, mikono mitupu kama kawaida yao. Leo wifi hakutania. Baadhi ya ndege walikuwa hai bado, shingo zimepinda, wakizunguka, wakizunguka, kama wanaotafuta kitu walichodondosha.

Bwana mifugo alikuja na glavu na barakoa, akasema ni mafua ya ndege. Wasiwaguse kwa mikono. Waliokufa wafukiwe kwa chokaa, na kuku wa nyumbani wafungiwe. Mvuna chumvi akamuuliza, na hawa walio hai? Bwana mifugo akatazama viatu vyake. Kuku ana banda, alisema, ana mwenyewe. Hawa wana nani?

Wakafukia. Chokaa nyeupe, chumvi nyeupe, macho yakiwawasha, wala hawakujua ni vumbi la chokaa au ni kilio.

Alasiri likatokea kundi jipya. Likaja kama moshi, likapinda, likang'aa, likaanza kushuka. Walikuwa wametoka mbali, na maji yaliyowangoja ndiyo hayo.

Mvuna chumvi akanyakua debe, akakimbia juu ya tuta akiligonga kwa mpini wa reki, akigonga na kupaza sauti, nendeni, msitue hapa, nendeni. Kundi likainuka, likazunguka, likarudi chini zaidi. Akagonga tena. Safari hii liliinuka kidogo tu. Mmoja akaanguka majini, kisha mwingine. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamechoka.

Wifi akamfikia, akamshika mkono.

"Waache, wifi. Ukiwafukuza wanakufa leo."

"Na wakitua?"

Wifi akageuka kuyatazama mashimo waliyofukia.

Mkono ulioshika debe ukalegea. Vitwitwi wakatua, mmoja, wachache, wote, wakakunja mbawa, wakachovya midomo matopeni, wakala kwa pupa, jamani, kwa furaha kabisa. Wale wa shingo zilizopinda wakajikokota hadi katikati yao. Jua likashuka, likawapaka wote rangi moja, hata mvuna chumvi asijue tena yupi ni mzima.