Bibi na Babu wa Kukodi

Watu wa filamu walipokuja Mompox, mji wetu wa kando ya mto, mimi nilipewa kazi ya kuwapaka poda waigizaji. Ilikuwa filamu ya mapenzi na vichekesho: kijana amemdanganya mchumba wake kwamba ana ukoo mkubwa, kumbe hana hata shangazi, basi anakodi watu wajifanye ndugu zake.

Bibi na babu wa kukodi walitafutwa mtaani kwetu. Bibi alikuwa Bi Remigia, muuza jibini. Babu alikuwa Mzee Adalberto, sonara. Kati yao hakuna aliyewahi kufunga ndoa. Nyumba zao zilitazamana, na tangu nipate akili sikuwasikia wakisalimiana bila kurushiana maneno.

"Usinirembe sana," Bi Remigia aliniambia. "Huyu mzee atazimia, halafu mnilaumu mimi."

"Nizimie kwa lipi?" Adalberto akadakia. "Labda kwa chumvi ya jibini lako."

Kamera ilipowashwa, wazee na waigizaji wakaketi mezani, supu ya samaki ikifuka moshi. Mchumba wa kwenye filamu akauliza kama alivyoandikiwa: "Babu, mlikutanaje na bibi?"

Mzee alitakiwa kujibu, "Kwenye dansi." Badala yake akaweka kijiko chini.

"Mwaka wa mafuriko," akasema. "Mto Magdalena umeingia mpaka kanisani. Yeye kasimama juu ya benchi, maji kiunoni, kapu la jibini kichwani. Nikampelekea mtumbwi. Akaniambia, chukua jibini kwanza. Nikachukua. Njiani nikapanga maneno ya kumwambia. Niliporudi, mtumbwi mwingine ulikuwa umeshamchukua. Maneno ninayo mpaka leo."

Maritza, mwongozaji wa filamu, aliinua mkono asimamishe kamera, kisha akaushusha.

"Mzee," Bi Remigia akanong'ona, "hayo hayamo kwenye karatasi."

"Najua."

"Mimi nilidhani ulichukua jibini ukaniacha nizame. Miaka hamsini nakutukana kwa hilo!"

"Nilirudi, Remigia."

"Na jibini?"

"Nililila. Lilikuwa limelowa."

Mtu mmoja akacheka, akakatiza katikati. Bi Remigia alikuwa amenyoosha mkono juu ya meza, akaushika ule mkono wa sonara, unaosokota nyuzi za dhahabu nyembamba kama nywele bila kutikisika. Nilisimama na poda yangu mkononi. Mshika kamera alilia huku jicho lake likiwa palepale kwenye kioo.

Hatimaye Maritza akaomba warudie, kwa ajili ya sauti.

"Hilo halisemwi mara mbili, mwanangu," Mzee akamjibu.

Wazee wale walioana mwezi wa tatu. Waigizaji waliokuwa wajukuu wao kwenye filamu walikuja wote, kila mmoja kwa nauli yake, wakamwita Mzee babu, naye akaitika.