Masale Kumi na Moja

Jumamosi saa kumi alasiri, kwaya ya kigango kimoja cha Kibosho ilipomaliza ubeti wa pili wa wimbo mpya wa toba, masale, ile mimea ya majani marefu ya kuwekea mipaka, yalichomoza kwenye sakafu ya saruji, mstari mmoja kutoka kinandani hadi mlangoni. Waimbaji wa sauti ya kwanza walisogeza viti kidogo. Primus, mtunza kanisa, alikwenda kuchukua panga.

"Mwalimu Wenseslaus, ukitunga tena uniambie mapema," alisema. "Saruji ya kuziba imebaki kidogo."

Wenseslaus alikuwa na nyimbo ishirini za toba, zinaimbwa mpaka Marangu, na kila moja ilikuja na masale yake. Watu walimsifu: huyu mzee anajua kuomba msamaha bwana, mpaka unalia. Kujua alijua. Wiki ile waliyomzika baba aliyang'oa masale yaliyotenga kipande cha kihamba, shamba la ukoo, alichopewa dada yake Dominika, kahawa yote akaifanya yake. Tangu hapo usingizi ulimpaa. Akilala, noti zinamjia. Akikaa, miguu haitulii. Basi anatunga.

Dominika, mwimbaji wa sauti ya pili, aliyahesabu yale ya sakafuni kwa kidole.

"Kumi na moja. Na la tatu limepinda vilevile, kaka, kama lile ulilong'oa pale mferejini."

"Nimeliona."

Kila Mchagga anajua kazi ya jani la sale. Ukimkosea mtu unalichuma, unamkabidhi mkononi, naye hawezi kukukatalia. Ila ukishamkabidhi, ulichochukua unakirudisha. Wenseslaus alichuma moja. Dominika akafuta mikono kwenye kitenge, akaikinga.

Zilikuwa hatua nne tu. Alipiga mbili. Alimpenda dada yake, hilo halina ubishi. Halafu akaikumbuka kahawa, mwaka huu imebeba mpaka matawi yanainama. Hapo hapo sauti mpya ikamjia, tamu kuliko zote. Akatoa kalamu, akaanza kuandika noti juu ya jani lenyewe.

"Subiri kidogo, dada. Wimbo huu ni wako."

Dominika alisubiri, mikono imekingwa, mpaka jani likajaa pande zote mbili. Wenseslaus akarudi nalo kinandani.

"Sauti ya pili," aliita, "tuanze na ninyi."

Dominika alishusha mikono, akarudi kwenye nafasi yake.

Jumapili wimbo uliimbwa, kanisa zima likalia, mtunzi naye akalia kwa uchungu wa kweli. Primus alikuwa amesimama tayari na panga. Jumatatu Wenseslaus aliamka mapema kuchuma kahawa. Alianzia upande wa Dominika, maana ndiko ilikowahi kuiva.