Kifuniko Kilichofunguliwa Mara Nne

Mzee Gia alikuwa na orodha ndefu ya watu aliowadharau, na juu kabisa, bila mpinzani, walikaa mafundi wa magari wa siku hizi. Gari likikohoa, wanabadilisha betri. Likikohoa tena, wanabadilisha stata. Likinyamaza kabisa, wanakushauri ununue jingine. Yeye aliendesha mabasi miaka thelathini na minane bila kukwaruza hata kuku, na jina la Gia alilipata kwa sababu hakuna abiria aliyewahi kuamshwa usingizini na gia yake. Mtu wa namna hiyo hafundishwi gari na mtoto wa juzi.

Kwa hiyo Alhamisi, gari lake dogo, kuukuu, lililomzidi umri binti yake wa mwisho, lilipokataa kuwaka, hakumwita mtu. Tena alifurahi. Siku nne zilimtosha. Jumatatu mjukuu wake wa miaka sita angeanza shule, na kwa kuwa mama wa mtoto alikuwa muuguzi wa zamu ya asubuhi, Mzee Gia alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba atampeleka yeye mwenyewe, kila siku, kwa gari hili hili. Binti yake huyo muuguzi alipoanza kuguna kuhusu macho ya baba, alikatwa kauli.

"Ng'ombe hazeeki maini," alimwambia.

Ule mkwaruzo ubavuni mwa gari? Kosa la mwashi, aliyejenga nguzo ya geti mahali pa kipumbavu miaka ishirini iliyopita. Magazeti kutosomeka? Wenye magazeti wamekuwa mabahili, wanabania wino. Kila kitu kilikuwa na mkosaji wake, na mkosaji hakuwa Mzee Gia.

"Mama, kaa humo ndani, nikisema piga, upige stata," alimwamuru mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji, na mifuko ya gauni lake haikukosa chaki na mabaki ya uzi. Aliketi kwenye usukani.

"Piga!"

Stata ikazungusha injini kwa nguvu. Injini haikushika.

"Betri nzima, stata nzima," Mzee Gia alitangaza, kana kwamba ua umejaa wanafunzi. "Yule fundi Bisibisi wa kona saa hizi angekuwa ameshazing'oa zote mbili. Petroli naisikia harufu. Basi kilichokosekana ni moto."

Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini. Piga! Kimya, hakuna cheche. Akachomoa ule waya mnene unaotoka kwenye koili, inayozalisha umeme mkali. Piga! Ta, ta, ta, waya ukalia, ukamrusha mkono. Akatukana kwa furaha. Umeme unatoka kwenye koili, haufiki kwenye plagi, na hapo katikati kuna distribyuta tu. Ndani yake huzunguka kipande kidogo cha plastiki kinachoitwa rota, kikigawa moto kwa kila plagi kwa zamu, kama mama anayepakulia watoto wanne.

Akafungua kifuniko cha distribyuta, akainama, akatazama.

"Rota hiyo hapo, imekaa kitako. Haina neno."

Akakipangusa kifuniko kwa kitambaa, akafunga. Gari halikuwaka.

Ijumaa akafungua tena, akatazama tena, akaridhika na rota tena, kisha akanunua nyaya mpya. Jumamosi vivyo hivyo, akanunua plagi mpya. Mkewe alipiga stata kila alipoambiwa, na unyonge wake ulianza kumkera.

"Si ulisema mafundi ndio wenye tabia ya kubadilisha-badilisha?" mkewe aliuliza mara moja tu.

"Wale wanabadilisha kwa ujinga. Mimi nabadilisha kwa akili."

Spana ikamponyoka, akapiga magoti kuipapasa chini. Ilikuwa mbele ya goti lake. Akakilaani kiwanda chake, maana siku hizi hata spana zinatengenezwa na wahuni.

Jumapili alasiri gari lilikuwa bado limekufa, na sare ya shule ya mjukuu ilikuwa imeshapigwa pasi, ikining'inia dirishani. Bisibisi wa kona akasimama getini na suruali yake yenye grisi hadi magotini.

"Shikamoo, Mzee. Naona hali ngumu. Umeangalia rota?"

Mzee Gia nusura acheke. "Unaniuliza mimi rota? Kabla hujazaliwa nilikuwa nazifunga gizani. Njoo. Njoo ujifunze, usije ukafa mjinga." Akafungua kifuniko kwa mbwembwe na kunyoosha kidole. "Hiyo nini? Mwenye macho haambiwi tazama."

Bisibisi akatazama. Akamtazama Mzee Gia, kisha akamtazama mke wa mzee kwenye usukani, kisha akarudi kutazama.

"Mzee," alisema polepole, "hebu tia kidole."

"Nitie kidole cha nini?"

"Tia tu, baba yangu."

Akatia, kwa dharau. Kidole chake kikagusa ncha ya chuma, baridi, tupu. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Hapakuwa na rota.

"Mwizi!" alifoka. "Mwizi ameingia kwangu!"

Mlango wa gari ukafunguliwa. Mkewe akaja, akatia mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kitu, akakifuta vumbi la chaki na kukiweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Nimeitoa mimi, Jumatano jioni. Ulinifundisha mwenyewe, enzi zile za wezi wa magari. Ulisema toa rota, gari halitoki hapa hadi kiama."

"Umenifanyia ujinga siku nne, mwanamke?"

"Jumatano ulimpita mama mwenye mtoto mgongoni, ukambakizia nafasi ya kiganja. Nikapiga ukelele. Ukaniuliza napigia nini kelele, barabara tupu." Akakinyooshea kidole kile kifuniko. "Nilitaka kukuambia siku ya kwanza. Ukafungua kifuniko, ukasema rota imekaa kitako. Nikaogopa, mume wangu. Umekifungua mara ngapi?"

Mzee Gia alihesabu moyoni. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, leo.

"Mara nne."

"Ukaona nini?"

Alitafuta wa kumlaumu. Aliwatafuta mafundi, aliwatafuta wenye viwanda, akamtafuta hata yule mwashi wa geti. Safari hii hakupatikana mtu.

"Niliona rota," alisema.

Bisibisi alikuwa amegeuka, anajifanya kukagua tairi. Mzee Gia akamdharau kwa huruma ile, kisha akajidharau mwenyewe, na hilo la pili lilimuuma kuliko yote. Akaigeuza rota vidoleni hadi akaupata ule mfereji mdogo wa ndani, akaishusha mahali pake bila hata kuinama. Vidole havikuhitaji kuonyeshwa. Akarudisha kifuniko, akabana vibanio viwili.

"Piga," alisema.

Mkewe akapiga. Gari likawaka papo hapo, likanguruma kama halikuwahi kuugua.

Hakuna aliyeshangilia. Mkewe akashuka, akasimama kando ya mlango wa dereva ulioachwa wazi, akingoja. Mzee Gia akaushika mlango ule kwa muda. Kisha akauacha, akalizunguka gari kwa kushika boneti njia nzima, akapapasa kitasa cha upande wa pili, akaingia kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia tangu alinunue.

"Wewe Bisibisi, unasimama nini kama nguzo? Ingia, shika usukani," alifoka, uso ameuelekeza mbele. "Tuijaribu njia ya shule. Kesho saa kumi na mbili na nusu uwe hapa, na hizo grisi uzioshe. Na ole wako nisikie gia inalia, umempakia mjukuu wangu."