Mikono Yenye Hina Haishiki Kitabu

1.

TANGAZO
(limebandikwa juu ya kioo, mwandiko wa Mishi mwenye saluni)

Mteja mwenye hina mbichi hashiki simu, mtoto, wala kitabu.
Tukifika barua tamu, mlango unafungwa.
Umbeya ruhusa. Kuuliza mwisho wa riwaya marufuku.

2.

Mimi ndiye mpakaji. Mwanakombo, kiti cha dirishani, saluni ya Mishi, Majengo, Mombasa. Mikono ya wateja imejaa hina, yangu imeshika koni, sasa nani afungue kurasa? Mwalimu Swabra. Amestaafu, hana pa kwenda asubuhi, ana miwani na kadi ya maktaba. Alituletea riwaya ya zamani za vita vya Mjerumani na Mwingereza, yote barua tupu: Tatu wa hapa pwani, na mumewe Feruzi aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi.

Kila siku barua moja. Nilikuwa naamka nikiiwaza kabla sijawaza chai.

3.

«Feruzi, wanasema huko mnakula mizizi. Mimi hapa nakula kwa aibu. Mama yako haoni tena vizuri. Kila Ijumaa huniuliza kama umeandika, nami humwambia umeandika, nikamsomea maneno yangu mwenyewe. Juzi umemsalimu sana. Leo umemwomba dua.»

4.

(viti vyote, kwa pamoja)

— Huyo Feruzi kaoa huko.
— Kaoa na mzigo kichwani?
— Wanaume hawakosi nafasi ya hayo.
— Mwanakombo, na wako? Kaandika?
— Mwalimu, soma.

5.

Wangu hakuandika. Badi alikwenda Uarabuni kuendesha lori. Mwanzo akipiga simu, akituma picha za lori, kisha

6.

MAHAKAMA YA KADHI
Ombi la kuvunja ndoa. Sababu: mume kutoweka na kutotoa matumizi.
Mwombaji: Mwanakombo.
Shahidi: Bi Zulekha, mama mzazi wa mume.

Wewe unayesoma, rudi hapo kwenye shahidi. Mama mkwe wangu alikubali kusimama mbele ya kadhi amseme mwanawe wa kumzaa. Wangapi wana mama mkwe wa hivyo?

7.

Kitabuni Feruzi alikuwa ameshaanza kumjibu Tatu, na wiki ya kesi ndiyo tuliyofika barua ya mwisho. Nikawaambia wote mle ndani: Feruzi akirudi kwa Tatu, namngoja Badi. Asiporudi, nakwenda kwa kadhi. Wakacheka. Nilikuwa nimechoka kuamua peke yangu, basi, nikakiachia kitabu.

8.

(Mwalimu Swabra anasema)

Barua ile nilikuwa nimeshaisoma nyumbani. Nilipoifungua nikamtazama Mwanakombo. Ua la bibi harusi wa watu limemwendea upande. Nikashindwa. Nikasoma yasiyoandikwa: «Tatu mke wangu, washa taa, nimefika Kilindini.» Saluni nzima ikapiga vigelegele. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

9.

Ningesoma kilichoandikwa.

10.

Ombi limeondolewa kwa hiari ya mwombaji.

Hiari.

11.

Siku ile nilijipaka hina mwenyewe, mara ya kwanza tangu Badi aondoke, vidole mpaka kiwiko. Mtaani wakaulizana, anampakia nani yule? Nikawajibu mwenyewe yuko njiani. Hina ilikoza vizuri. Halafu ikapauka, ikabaki kwenye kucha tu, na simu kimya.

12.

ILANI YA MAKTABA
Kwa Mwalimu Swabra. Kitabu ulichoazima kimepitisha muda. Tafadhali kirudishe.

Magoti yalikuwa yanamsumbua. Akanipa mimi nikipeleke, ameshasahau alichokificha ndani. Nikakaa kwenye ngazi za maktaba, nikafungua mwisho, niuonje utamu ule tena.

«Bibi Tatu, mimi si Feruzi. Mimi ni mwenzake wa mzigo. Barua zote ulizopata tangu masika nimeziandika mimi, kwa kukuonea huruma. Yeye tulimzika njiani. Nisamehe, na usingoje tena.»

Usingoje tena. Limeandikwa, limepigwa chapa, na mtu mzima mwenye miwani akaliruka.

13.

Nilimfuata mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Nilikubali kumwaibisha mwanangu kwa ajili yako, ukaenda ukafuta. Sasa tafuta shahidi mwengine."

"Mama, nilidanganywa."

"Na mimi je?"

14.

Mwalimu alinihurumia.

Nani alimtuma?

15.

Leo Mwalimu Swabra anamwoza bintiye. Amekuja kupakwa, saluni imejaa jamaa zake. Nimempaka mkono wa kulia. Nimempaka wa kushoto. Sikufanya haraka. Maua mazito, viganja mpaka ncha za vidole.

"Mashallah, mkono wako, mwanangu," akaniambia.

"Usiguse kitu, Mwalimu. Itaharibika."

Nikanawa. Nikakitoa kitabu mkobani, kile ambacho maktaba bado wanakidai. Akakitambua kwa jalada.

"Mwanakombo. Si leo. Nakuomba, si mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndipo uliponisomea."

Akanyoosha mikono kukichukua, kisha akaiona ilivyo, akairudisha mapajani viganja juu. Wenzake wakadhani ni mzaha. Mmoja akauliza, kwani hii si ile tamu, ya mume kurudi?

Mishi akaenda kufunga mlango, kama tangazo linavyosema.

Nikasoma kwa sauti.

«Bibi Tatu, mimi si