Njuga Zikinyamaza

Tangu watoke Arua asubuhi ile, Mindra alikuwa hakai, hatulii. Afungue begi, alifunge. Atoe njuga zake, azirudishe, azitoe tena. Mpaka Asiku, mpiga ngoma wa kikundi chao, akachoka naye: "Wewe iko na siafu ndani ya nguo? Kaa chini!" Akae chini vipi? Mbele, kando ya dereva, alikuwa mama yake, kitenge kipya kiunoni, anakwenda Koboko kutazama sarakasi na macho hana.

Mara ya mwisho mama Filda kuitazama sarakasi ilikuwa Adumi, siku ya soko, macho yakiwa bado mazima. Na siku hiyohiyo, kati ya siku zote, Mindra akaanguka kutoka juu ya mabega ya wenzake akavunjika mkono. Mwaka uliofuata presha ya macho ikamaliza kazi yake, madaktari wakasema basi. Kwa hiyo picha aliyobaki nayo ya mtoto wake akiwa kazini ni hiyo, anaanguka. Miaka mitatu anaitazama hiyo tu.

"Mimi nitakuja," alikuwa amesema. "Lakini nikisikia umeanguka tena, hii mambo imekwisha. Utarudi nyumbani." Na Mindra hakuwa mtu wa kumkaidi mama yake.

Njuga zilikuwa wazo la Mindra mwenyewe. Kila mwanasarakasi afunge zake miguuni, kila mtu na mlio wake, wasioona wajue nani yuko wapi. Kabla ya onyesho wageni ishirini wasioona waliokaa mikekani mbele waliitwa wazishike, wazitikise, wawapapase na wachezaji wenyewe. Mama Filda alikawia kwa Mogga, yule wa chini kabisa kwenye mnara wao, akimbinya mabega kama anayenunua mbuzi.

"Hii ndiyo bega iliangusha mtoto yangu?"

"Ndiyo hii, mama," Mogga akajibu, jasho linamtoka.

Basi mchezo ukaanza, na jamani, ulikolea! Mikekani watu walikuwa wanaitana, "Huyo Mogga! Huyo Obitre, amepanda! Na yule mdogo je? Huyooo!" Mama Filda alicheka kwa sauti. Mindra akausikia mkono wa Obitre, akausikia mgongo wake, akafika mabegani kwake, akasimama. Watatu, mmoja juu ya mwingine.

Hapo Asiku akanyamazisha ngoma, kama anavyofanya siku zote watu washike roho zao. Na Mindra akatulia tuli, kama alivyojifundisha miaka mitatu ili asianguke tena, hata ukucha hautikisiki.

Njuga zikanyamaza.

Walifanya mazoezi mwezi mzima, wote macho wazi, wajinga hao! Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mtu akisimama vizuri kule juu, kwa asiyeona hayupo.

"Mindra?" Mama Filda aliinuka. "Mindra iko wapi?"

Mindra akaita, "Mama!" Ala, ndilo kosa alilofanya. Maana ndilo neno alilolia Adumi akiwa hewani, hilohilo, kwa sauti hiyohiyo.

"Ameanguka! Mtoto yangu ameanguka!" Mama akatoka mkekani mikono mbele, anawafuata, na umati nao ukaanza kupiga kelele. Hatua kumi tu zaidi, angemgonga Mogga.

"Usitikisike," Obitre akanong'ona. "Nakuomba, usitikisike."

Mwili wote wa Mindra ulikataa. Akainua mguu mmoja, akautikisa. Cheke cheke cheke. Mnara ukayumba, Obitre akaguna, Mogga akapanua miguu. Akatikisa tena.

Mama Filda akasimama palepale. Akainamisha kichwa, akasikiliza. Kidole chake kilianza usawa wa kifua cha Mogga, kikampita Obitre, kikapanda mpaka kikafika penyewe, kwenye unyayo wa mtoto wake.

"Nyamazeni!" akaufokea umati. "Iko juu."

Watu wakanyamaza. Mindra alikuwa analia, machozi yanamdondokea Obitre, na mguu anautikisa.

"Mama Filda," Mogga akasema kutoka chini, mishipa imemtoka shingoni, "tafadhali, mwambie ashuke."

"Ngoja kwanza," mama akasema, kidole kingali juu. "Bado mimi namuona."